Je, Kijana Auze Kamera Yake Ndogo?



Katika barua tulizozipokea mwezi huu imo moja iliyotoka Ilula, wilaya ya Kilolo, nayo tumeona haifai kujibiwa kwa mistari mitatu. Aliyeiandika ni kijana aliyemaliza kidato cha nne. Siku za kazi humsaidia baba yake katika shamba la nyanya, na mwisho wa juma hupiga picha katika harusi, akika na maulidi kwa kamera ndogo ya mfukoni aliyopewa na mjomba wake. Sasa watu wameanza kumwambia kwamba picha zake za usiku zina giza, na kwamba mpiga picha wa kweli ni yule mwenye kamera kubwa ya DSLR, ile ivaayo lenzi za kubadilisha. Nyanya za msimu huu zimeuzwa vizuri. Baba yu tayari kumpa sehemu ya fedha. Mama asema fedha hizo ni za ada ya dada yake, anayetarajia kuingia chuo cha uuguzi mwakani. Kijana atuuliza: ninunue, au nisinunue?

Mwanangu, swali lako si la chombo peke yake, bali ni la nyumba nzima, nasi twapenda tulishike polepole.

Neno la kwanza likupasalo kulijua ni kwamba kamera kubwa haioni vema kwa sababu ya ukubwa wa mwili wake. Yaona vema kwa sababu yapokea mwanga mwingi. Ndani ya kila kamera ya zama hizi kimo kibamba kinachoshika mwanga, nacho ndicho kilichochukua mahali pa filamu. Katika kamera nyingi za mfukoni kibamba hicho kina upana wa milimita 6 na kimo cha milimita 4 na nusu hivi, yaani hakifikii punje moja kubwa ya hindi. Katika kamera za DSLR zinazouzwa kwa watu wa kawaida kina milimita 23 kwa 15 hivi, mfano wa stempu ndogo ya posta. Zidisha wewe mwenyewe, utaona kwamba eneo la kibamba hiki cha pili ni kama mara 12 ya lile la cha kwanza. Mfano wake ni mabeseni mawili yaliyowekwa uwanjani wakati wa manyunyu, moja pana na jingine la kunawia mikono. Mvua ikiwa kubwa yote mawili hujaa. Ikiwa haba, ndipo tofauti hudhihiri. Kwa hiyo mchana wa jua kali pale Ilula, kamera yako ndogo haina la kuonea haya, lakini usiku chini ya taa moja hushindwa, ikaanza kutia chembechembe katika nyuso za watu.

Ama zile hesabu za megapikseli ambazo wauzaji hupenda kuzipigia kelele, usizishughulikie sana. Picha ya inchi 4 kwa 6, ile watu waiwekayo katika albamu, yatosheka kwa nukta milioni 2 na kidogo. Kamera ya mjomba wako, hata ikiwa ya miaka 15 iliyopita, bila shaka inazo mara kadhaa ya hizo.

Tofauti ya pili ni kioo. Ndani ya DSLR mna kioo kilichoinama mbele ya kile kibamba, ambacho huipandisha taswira hadi kwenye kidirisha cha jicho. Ubonyezapo, kioo hunyanyuka na mwanga hupita kwenda nyuma. Faida yake si ndogo kwa mkaaji wa shamba. Kwa kuwa jicho latazama kwa njia ya kioo na wala si kwa njia ya skrini inayowaka muda wote, betri hudumu sana. Kamera ndogo nyingi huchoka baada ya picha 200 au 250, na DSLR ya bei ya chini hufikisha 500 na zaidi. Nikon D3500, iliyotoka mwaka 2018, imepimwa kuwa na picha 1,550 kwa betri moja. Mtu aendaye harusini katika kijiji ambacho umeme hukatika aelewa maana ya hesabu hiyo.

Baadhi ya ndugu zetu hupenda kusema kwamba neno lenyewe kamera latokana na Kiarabu. Sivyo, ni neno la Kilatini lenye maana ya chumba. Lakini elimu ya chumba chenye giza ambamo mwanga huingia kwa tundu dogo na kuchora taswira ukutani, huyo Ibn al-Haytham, mzaliwa wa Basra aliyefariki huko Misri yapata mwaka 1040, aliichungua kwa majaribio na akaandika juu yake kwa namna ambayo wanachuoni wa Ulaya walikuja kuisoma baadaye. Heshima hiyo yatosha. Hatuna haja ya kuongeza na neno.

Turudi Kilolo, kwani katika wilaya hiyo hiyo imo habari inayolihusu swali letu.

Upande wa mashariki wa wilaya yenu, katika milima ya Udzungwa, uko msitu uitwao Ndundulu. Mwaka 2005 watafiti wa wanyama walifunga humo kamera za mtego, yaani kamera zilizofungwa kwenye shina la mti, ambazo hujipiga zenyewe mnyama apitapo mbele yake. Hazikuwa na mtu nyuma yake wa kutafuta pembe nzuri. Zikanasa picha ya sange mkubwa mwenye uso wa kijivu, ambaye hakufanana na sange yeyote aliyeandikwa vitabuni. Mwaka 2006 watafiti wakarejea, wakamkamata, wakampima, na mwaka 2008 akatangazwa kwa ulimwengu kuwa ni aina mpya. Kamera iliyofungwa katika mti, mahali palipostahili na kwa muda wa kutosha, iliona ambalo macho ya wataalamu hayakuwahi kuliona.

Lakini msitu huo huo una habari ya pili. Katika mwaka 2003 watafiti waliokuwa mlima Rungwe, upande wa Mbeya, walisikia kwa wawindaji wa Kinyakyusa habari za kima mwenye aibu aitwaye kipunji, na mwaka huo huo wakamwona. Mwaka 2004 mtafiti mwingine, asiyejua habari za wale, alimwona kima huyo huyo katika msitu wa Ndundulu. Wakaungana, na mwaka 2005 wakamtangaza, na jambo lililowashangaza wengi ni kwamba ushahidi waliouleta ulikuwa ni picha, wala si ngozi wala mifupa, kwani hawakutaka kumwua mnyama adimu namna ile kwa ajili ya kumpa jina. Wanachuoni wengine walibishana nao sana kwa sababu hiyo. Baadaye alipatikana mmoja aliyekufa katika mtego wa mkulima, na mwaka 2006 kima huyo akapewa jenasi ya peke yake. Sasa fikiri: kima huishi juu kabisa ya miti, katika kivuli, naye hakimbii kuja kukutazama. Kwa kazi ya namna hiyo mtu ataka lenzi ndefu na kamera yenye kupokea mwanga haba.

Basi jiulize, mwanangu, kazi yako wewe yafanana na ile ya sange au ile ya kima?

Sisi twaona ni mchanganyiko. Picha za pasipoti, za mtoto wa siku 7, za wazee wakipokea mkono wa posa sebuleni mchana, za wanafunzi wa madrasa wakiwa wamepanga mistari uwanjani, zote hizo ni kazi za sange. Wahitaji kusimama mahali pazuri na kuwa na subira, na kamera yako yatosha. Kinyume chake ni hafla ya usiku, ukumbi una taa mbili za kijani na moja ya zambarau, bibi harusi aingia, na kamera yako yasitasita nusu sekunde baada ya kubonyezwa, tahamaki amekwisha kupita. Flashi yake ndogo haivuki mita 3 au 4, na wale walio nyuma hubaki kuwa vivuli. Hiyo ni kazi ya kima. Hapo hao wanaokulaumu wana haki.

Lakini si kila picha mbaya ni kosa la kamera. Twakushauri ufanye jambo moja lisilokugharimu kitu. Chukua daftari, na kwa Jumamosi 3 zijazo, baada ya kila shughuli, zipitie picha zilizoharibika na uandike kando ya kila moja sababu yake. Je, palikuwa na giza? Je, kamera ilichelewa? Je, ulisimama mbali kwa kuona haya kuwasogelea wakubwa? Je, ulimweka bwana harusi mbele ya dirisha lenye mwanga, uso wake ukawa mweusi? Sababu mbili za kwanza DSLR huziondoa. Hizo mbili za mwisho utazibeba pamoja nawe hadi katika kamera mpya, nazo zitaonekana wazi zaidi.

Sasa tuje kwenye fedha, maana hapo ndipo nyumba nyingi hugombana.

Watu hudhani bei ya DSLR ni ile iliyoandikwa kwenye kamera. Sivyo. Yule anunuaye mwili wa kamera na ile lenzi ya milimita 18 hadi 55 inayokuja nayo, kisha akaenda nayo kwenye hafla ya usiku, mara nyingi hurudi amenuna, kwa sababu lenzi hiyo ikivutwa mbele tundu lake hubana sana. Lenzi ya milimita 50 yenye alama ya 1.8, ambayo ni miongoni mwa zile za bei nafuu kabisa, hupitisha mwanga karibu mara 10 ya ile nyingine ikiwa imevutwa hadi 5.6. Sisi tungalipendelea mtu anunue mwili wa zamani na lenzi hii, kuliko mwili mpya na lenzi ile peke yake. Ongeza juu yake betri ya pili, kadi mbili, mfuko wa kuzuia vumbi la barabara, na baadaye flashi ya juu. Jumla yake ndiyo bei ya kupelekwa kwa baba, si bei ya dukani.

Na hapa pana mtego uliowanasa wengi. Kamera za Nikon za daraja la chini, zile za hesabu ya 3000 na 5000, hazina mota ndani yake ya kuzungusha lenzi. Ukinunua lenzi ya 50 ya zamani yenye herufi D, haitajilenga yenyewe. Itakubidi uizungushe kwa mkono huku bibi harusi akipita. Yataka ile iliyoandikwa AF-S. Kwa Canon taabu hiyo haipo, lenzi za aina ya EF hujilenga katika DSLR zao zote. Muuzaji wa Kariakoo huenda asikuambie, na pengine mwenyewe hajui.

Liko na jambo jingine kubwa ambalo waliokushauri hawakulitaja. Zama za DSLR zinakwenda machweo. Mwaka 2010 viwanda vya kamera vilipeleka sokoni kamera za kidijitali zaidi ya milioni 121 duniani. Mwaka 2023 hazikufika milioni 8, kwani simu zimeimeza kazi ya kamera ndogo. Na hizo DSLR zenyewe, zilizopita milioni 16 mwaka 2012, zilishuka hata milioni 1 na kidogo mwaka 2023. Canon na Nikon wamegeuza nguvu zao kwenye kamera zisizo na kile kioo cha ndani. Je, maana yake ni kwamba DSLR imekuwa chombo cha kutupwa? La, hasha. Kamera iliyopiga harusi nzuri mwaka 2016 itapiga harusi nzuri leo. Maana yake ni kwamba wenye fedha huko mijini wanaziuza zile walizonazo, na bei ya kamera kuukuu kwa kawaida hushuka mwaka hadi mwaka. Na lenzi zake nyingi zaweza kuvikwa katika kamera hizo mpya kwa kiungo maalumu, hata siku ukihama hutaanza na mikono mitupu.

Unaona basi, mwanangu, hesabu hii yaelekea wapi. Kamera unayoitamani, ukingoja mwaka mmoja huenda ukaipata kwa bei ndogo zaidi. Nafasi ya dada yako chuoni haingoji, na ada haishuki. Kwa sababu hiyo, baina ya baba na mama yako, sisi twasimama upande wa mama. Ada na iwekwe kwanza, kando, mahali pasipoguswa, ndipo itazamwe iliyobakia.

Wala hatusemi ukae ukiwa umekunja mikono. Iringa mjini wako wapiga picha wenye kamera hizo. Nenda kwa mmoja mwenye tabia njema, umwombe akukodishie kwa siku moja, au uende naye harusini ukiwa msaidizi wake na akuachie upige saa mbili za mwisho. Fanya hivyo mara mbili au tatu. Ukiona wateja wa usiku wapo, na wako tayari kulipa zaidi kwa picha zenye nuru, basi chombo kitajinunua chenyewe kwa pato lake kidogo kidogo. Ukiona hawapo, utakuwa umepata jibu kwa gharama ya nauli. Ila usithubutu kuichukua kwa mikopo ile ya simu yenye riba. Mbali na yale unayoyajua katika dini yako kuhusu riba, harusi zina misimu, na deni la simu halina msimu.

Na wewe mzazi unayesoma ukurasa huu, ambaye hupigi picha kwa ujira bali wataka tu kumbukumbu za watoto wako, swali hili halikuhusu sana. Simu uliyonayo na kamera ndogo vyakutosha. Fedha ambazo ungenunulia DSLR, chukua sehemu yake ndogo ukachapishe picha 40 zilizo bora na kuzitia katika albamu, kwani twazijua nyumba nyingi ambazo picha za marehemu bibi zilipotea pamoja na simu iliyoanguka chooni.

Ikiwa siku ya kununua kuukuu imefika, fanya hivi. Itoe lenzi, umulike ndani yake kwa tochi: ukiona nyuzi mfano wa utando wa buibui, hiyo ni kuvu, usiinunue hata kwa bei ya kutupa. Piga picha ya ukuta mweupe huku tundu la lenzi limebanwa hadi 16, madoa ya vumbi yatajionyesha. Uliza kamera imepiga picha ngapi tangu iundwe, maana kilango kinachofunguka na kufunga ndani yake kina umri, na katika kamera za daraja la chini watengenezaji hutaja umri wa picha laki 1 hivi. Kuvu tumeitaja kwanza kwa makusudi. Nchi yenu ya Kilolo, tangu Dabaga hata mpaka wa msitu, ina ukungu na unyevu mwingi, na kuvu hupenda mahali penye unyevu uliopita asilimia 65 au 70. Usiiweke kamera katika mfuko wa ngozi ndani ya kabati. Iweke katika chombo cha plastiki chenye mfuniko wa kubana, pamoja na vile vipakiti vya kunyonya unyevu vinavyokuja na viatu vipya. Na mwezi wa Juni au Julai utokapo katika baridi ya nje na kuingia ukumbini palipojaa watu, iache ndani ya mfuko wake uliofungwa kwa nusu saa, la sivyo lenzi itatoka jasho.

Limebaki lile ulilolitia mwishoni mwa barua, kwamba ukipata kubwa utaiuza ndogo pamoja na kadi yake kwa rafiki yako. Kamera iuze ukipenda, ingawa sisi tungaliiweka iwe akiba siku kubwa ikiharibika. Kadi usiiuze. Katika kadi hiyo zimo nyuso za mama zetu na dada zetu waliojifunua katika ukumbi wa wanawake kwa sababu walikuamini wewe, au walimwamini dada yako uliyempa kamera aingie nayo. Kufuta picha hakuziondoi. Hufuta orodha yake tu, na mtu mwenye programu nyepesi huweza kuzirudisha zote mpaka zitakapoandikwa juu yake nyingine. Tangu tarehe 1 Mei 2023 nchi yetu ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi inayofanya kazi, na picha ya mtu ni taarifa yake. Kadi hiyo ibaki mkononi mwako, au uivunje vipande viwili. Mnunue rafiki yako kadi mpya, bei yake haizidi kilo chache za nyanya.

Jumamosi 3 zikiisha, tuandikie yale yaliyomo katika daftari.